Tui liingie chungu kimoja: namna ya kuchagua na kupika chakula chenye faida mwilini

Chukua mbatata. Ikichemshwa na ganda lake, gramu 100 zake zina kalori zipatazo 87. Ikikatwa vipande ikatumbukizwa kwenye karai la mafuta, uzito uleule wa chipsi unakaribia kalori 300, hapo chumvi na tomato sosi bado. Mbatata ni ileile. Ndiyo maana kuuliza kama chakula fulani kina afya kwa jina lake tu ni kuuliza nusu ya swali. Kinachopasa kuangaliwa ni nini kimeondolewa kwenye chakula hicho kabla ya kufika jikoni, nini kimeongezwa, kimepikwa vipi, na kinaliwa na nini, kiasi gani.

Kwa jikoni za Unguja na Pemba, ubaya mara chache huwa kwenye samaki, matunda au mboga za shamba. Umekaa kwenye wali mweupe unaojaa sinia, tui linaloingia kila chungu, sukari ya chai na mafuta ya karai. Huko ndiko mwongozo huu utakakokaa zaidi.

Kilichoondolewa: mchele, unga na juisi

Punje ya mpunga ikishavuliwa kapi inabaki na ngozi nyembamba ya rangi ya udongo, ambayo ndiyo pumba, na kiini kidogo kwenye ncha. Humo ndimo mna sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, madini na mafuta ya punje. Mashine inayokoboa mpaka mchele ung'are inavitoa vyote hivyo na kukuachia wanga. Athari yake ilijulikana zamani: mwishoni mwa karne ya 19 kule Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakipooza kama wagonjwa wa beriberi, na waliporudishiwa mchele wenye pumba wakapona. Kilichokosekana kilikuja kujulikana kuwa ni vitamini B1, na Eijkman akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Anayekula wali na samaki, kunde na mboga hatapata beriberi. Lakini wali mweupe mtupu humeng'enywa haraka, hupandisha sukari ya damu kwa kasi, na njaa hurudi mapema. Mchele wa mapembe unaouzwa kila duka umekobolewa kabisa, kwa hiyo hapo huna la kufanya ila kupunguza kiasi na kuuzungushia vitu vingine. Ukiwa na mpunga wako wa Cheju au wa mabonde ya Pemba, una nafasi nzuri zaidi: mwambie mwenye mashine aupitishe mara moja tu. Mchele utatoka na rangi ya kahawia, baadhi ya punje zikiwa na madoa. Usihifadhi mwingi, kwa sababu mafuta yaliyo kwenye pumba huchacha. Koboa wa mwezi mmoja tu, uweke kwenye chombo chenye mfuniko, na ukisikia harufu ya mafuta ya zamani, usiupike.

Makosa hutokea wakati wa kupika. Watu huchanganya mchele wa kahawia na mweupe, wakatia pamoja chunguni, mmoja ukabaki mgumu na mwingine ukawa bokoboko. Uloweke wa kahawia saa moja, utangulize jikoni dakika 15, ndipo utie mweupe. Anza na theluthi moja ya kahawia kwa theluthi mbili za mweupe, watoto hawatagoma. Maji yawe vikombe viwili na nusu kwa kikombe cha mchele wa kahawia.

Unga una hadithi hiyohiyo. Unga mweupe wa ngano, ambao ndio wa boflo na chapati nyingi, una nyuzinyuzi kama gramu 3 kwa kila gramu 100. Unga wa ata uliosagwa na pumba zake una zaidi ya gramu 10. Chapati za nusu kwa nusu hutoka laini kama ukitia maji kidogo zaidi ya kawaida na ukauacha unga ulale nusu saa, maana pumba zinanyonya maji polepole. Ukisukuma papo hapo zitapasuka pembeni na utasema ata haifai. Mkate wa mofa, unga wa mtama uliookwa bila karai la mafuta, unastahili nafasi zaidi mezani kuliko inayopewa. Dona vilevile inaishinda sembe, mradi mahindi yawe makavu na hayana ukungu. Mahindi au karanga zilizoota kuvu zina sumukuvu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, basi usizioshe ukazitumia, zitupe.

Kwenye matunda, kinachoondolewa ni makapi yanayobaki kwenye chujio. Gilasi moja ya juisi ya machungwa hula machungwa matatu au manne na kukupa sukari zaidi ya gramu 20 kwa dakika moja, bila zile nyuzi ambazo zingeipunguza kasi. Chungwa ukilila na nyama yake, la pili linakushibisha. Embe, papai, shokishoki, pera, fenesi: yakate uyale na nyama yake. Ukitaka juisi, iwe ya ukwaju au bungo uliyoitengeneza nyumbani, ukajua mwenyewe sukari iliyoingia.

Tui

Nazi si sumu. Shida ni kwamba katika mlo mmoja tunaitia mara tatu: kwenye wali, kwenye mchuzi na kwenye mboga, na ikiwa kuna mbaazi, mara ya nne. Tui zito la kwanza, kasimile, lina mafuta yasiyopungua gramu 20 kwa kila mililita 100, na karibu sehemu tisa katika kumi za mafuta hayo ni yale yanayoganda, yanayohusishwa na kupanda kwa kolesteroli mbaya ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya namna hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu za siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu anayehitaji kalori 2,000. Kikombe kimoja cha kasimile kinazidi mara mbili ya hapo. Kikigawanywa kwa watu sita si neno. Vikiwa vikombe vitatu kwa watu haohao, kila mmoja ameshamaliza haki yake ya siku kwa chakula cha mchana peke yake.

Sheria inayofaa ni nyepesi kuikumbuka: tui liingie chungu kimoja kwa kila mlo. Ukipika wali wa nazi, samaki awe wa kuchoma au wa mchuzi wa tungule na ndimu, na mchicha uukaange kidogo kwa kitunguu na thomu. Ukipika samaki wa kupaka au mchuzi wa pweza wa nazi, wali uwe mweupe wa maji na chumvi kidogo. Mbaazi za nazi zikiwepo, asubuhi hiyo kula na mkate wa mofa au boflo, si na mahamri yaliyokandwa kwa tui. Kama itabidi kuchagua chungu kimoja tu, kipe mboga ya majani. Rangi ya manjano iliyojificha ndani ya kisamvu, matembele na mchicha, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta, na nusu kikombe cha tui kwa chungu cha watu sita kinatosha kabisa.

Kwa nazi moja ya kadiri, kuna, tia kikombe kimoja cha maji vuguvugu, kamua uweke kando; hiyo ni kasimile. Tia tena vikombe viwili, kamua. Hilo ni tui jepesi. Mchele upikwe kwa tui jepesi, na kasimile itiwe vijiko vinne au vitano vya chakula mwishoni unapopalia. Harufu ya nazi inabaki palepale kwa sababu haikuchemka kwa muda mrefu, na mafuta yamepungua sana. Anayetia kasimile yote mwanzoni anapoteza harufu na anabaki na mafuta.

Kisamvu, hatua kwa hatua

Katika mboga zetu zote hii ndiyo inayofaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ina faida kubwa na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Majani ya muhogo yana protini nyingi kwa mboga ya majani, yana madini ya chuma na kalisi. Pia yana linamarini, ambayo jani likipondeka hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sayanidi. Kutwanga hakufanywi kwa ajili ya kulainisha tu: ndiko kunakoitoa sumu ndani ya jani ili iweze kuondoka na mvuke.

Chuma majani machanga ya ncha, vua vikonyo. Osha kabla ya kutwanga, usioshe baada. Twanga mpaka usione kipande cha jani kizima. Kama unatumia mashine ya kusaga, saga mara mbili. Kiache kwenye bakuli robo saa. Tia chunguni na maji mengi, chemsha bila mfuniko dakika 20 za mwanzo, upepo upite jikoni. Funika nusu baada ya hapo, endelea mpaka jumla ifike dakika 45 au saa moja, na ile harufu ya ubichi iwe imekwisha. Ndipo utie kitunguu, thomu, kiganja cha dagaa wakavu waliooshwa, na nusu kikombe cha tui. Dakika kumi tena, basi.

Usitie magadi. Yanalainisha haraka na kuacha rangi ya kijani inayopendeza, lakini yanaharibu vitamini B1 na C na kuongeza sodiamu. Hiyo ni kwa maharage na mbaazi pia. Vitamini C ya kisamvu itakufa kwa vyovyote kwa muda huo wa moto, kwa hiyo irudishe mezani: kamulia ndimu sahanini, au weka kachumbari ya tungule na pilipili boga, au embe bichi. Faida yake inazidi vitamini yenyewe, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma ya mimea, ambayo bila msaada hufyonzwa kidogo mno.

Chai inafanya kinyume. Tanini zake hushika ile chuma tumboni, na kikombe kinachonywewa juu ya chakula kinapunguza kwa kiasi kikubwa kile ambacho kisamvu na choroko zingekupa. Iache chai saa moja kabla au baada ya kula. Kwa mjamzito, msichana aliyevunja ungo na mtoto mdogo, hili ni zito kuliko linavyosikika; Pemba imekuwa mahali pa tafiti nyingi za upungufu wa damu na minyoo ya safura, na mwenye minyoo hiyo hata akila vipi damu inavuja taratibu. Chakula kinakwenda pamoja na dawa ya minyoo na kuvaa viatu.

Mchicha na mtoriro havina sumu ile ya kisamvu, wala havihitaji moto mrefu. Dakika tano, maji kidogo, mfuniko wazi kidogo, ondoa ungali wa kijani.

Kitoweo

Dagaa na vibua ni bora kuliko bei yao inavyoonesha. Samaki hawa wana mafuta ya omega-3, na dagaa analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo anakuwa chanzo cha kalisi kwa nyumba zisizonunua maziwa. Mara mbili kwa wiki ni kiwango kizuri cha chini. Kupika kwa mchuzi, kupaka au kuchoma kunayabakisha mafuta hayo. Kukaanga kwa mafuta mengi kunayabadilisha na mafuta ya dumu.

Jodari, nguru na vibua wakikaa juani bila barafu hujenga histamini kwenye nyama, na histamini hiyo haifi kwa moto. Mtu hula samaki aliyeiva vizuri, baada ya nusu saa uso unawaka, kichwa kinagonga, ngozi inatoka vipele, akadhani ana mzio. Basi nunua asubuhi, mnadani au kwa muuzaji mwenye barafu. Jicho liwe angavu na limetuna, shavu jekundu, na nyama irudi ukiibonyeza. Ukionja kipande ukahisi ulimi unawasha kama pilipili wakati hujatia pilipili, tema na utupe chungu kizima. Papa na nduaro ni samaki wakubwa wanaolimbikiza zebaki, wajawazito na watoto wawaepuke. Kasa asiliwe kabisa: sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watu tisa walifariki, wanane kati yao wakiwa watoto.

Ng'onda ni chumvi yenye samaki ndani. Ioshe, iloweke saa moja, mwaga maji, iloweke tena, na mchuzi wake usitiwe chumvi hata kidogo.

Siku isiyo na samaki haina haja ya nyama. Choroko, kunde, mbaazi na borohoa vinatoa protini kama gramu 7 mpaka 9 kwa kila gramu 100 zilizoiva, pamoja na nyuzinyuzi ambazo nyama haina. Maharage yaloweke usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, na yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo. Maharage mekundu yaliyopikwa kwa moto mdogo tu bila kuchemka sawasawa huumiza tumbo vibaya. Choroko hazihitaji yote hayo.

Karai

Sambusa, bajia, kachori, katlesi na mahamri hayatatoka Zanzibar, na hakuna sababu ya kujidanganya. La kufanya ni kuvila kwa nadra na kuvikaanga inavyotakiwa.

Mafuta yawe kwenye nyuzi 170 mpaka 180. Bila kipima joto, tia kipande kidogo cha mkate: kikipata rangi ya dhahabu kwa dakika moja hivi, moto uko sawa. Kikizama na kutoa mapovu machache, mafuta bado ni baridi, na kitafunwa kitayanyonya kama sponji. Kikiungua nje kabla hujahesabu ishirini, moto umezidi. Kosa la kawaida ni kujaza karai: sambusa kumi kwa pamoja zinashusha joto ghafla, na ndizo zinazotoka zimelowa. Tia nne au tano, zisubiri.

Baada ya kukaanga, chuja mafuta yakipoa, yaweke kwenye chupa iliyofungwa, mbali na mwanga. Yatumie tena mara mbili au tatu, si zaidi, na usiyaongezee mafuta mapya juu ya ya zamani, kwa maana mabaki yaliyoharibika yanaharakisha kuoza kwa yale mapya. Yakiwa meusi, mazito kama asali, yanatoa povu lisilotulia au yanafuka moshi kabla hayajapata joto la kukaangia, yamekwisha. Ukinunua barabarani, tazama karai kabla ya kutazama bajia.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe ya alizeti, mawese au samli, kina kalori 120 hivi. Mchuzi wa watu sita unaivia vijiko viwili. Tungule zikikaangwa taratibu na mfuniko juu hutoa maji yake yenyewe na hazihitaji kuogelea.

Kwa mlaji wa urojo, mwambie muuzaji azidishe mbatata za kuchemsha na yai, apunguze bajia na zile chipsi za muhogo za juu. Rojo lenyewe halina makosa makubwa.

Sukari na chumvi

Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4. Shirika la Afya Duniani linataka sukari inayoongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na bora zaidi ikibaki chini ya 25. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36, kabla ya andazi wala soda. Soda ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 peke yake. Juisi ya miwa ya Forodhani, hata ikiwa na tangawizi na ndimu, ni sukari kwenye maji. Dafu liko mbali na hizo zote, lina chini ya nusu ya sukari ya soda kwa ujazo uleule, na ndilo la kumpa mgeni.

Usikate sukari ya chai kwa siku moja, utashindwa siku ya nne. Punguza robo kijiko kila wiki kwa kila kikombe. Wakati huohuo ongeza hiliki, mdalasini au mchaichai, kwani harufu yake huufanya ulimi uone utamu ambao haupo. Kutoka vijiko vitatu hadi kimoja ni wiki nane, na wengi hufika bila kuona tabu.

Ramadhani ni habari ya pekee. Futari ya muhogo, majimbi, viazi vikuu, shelisheli na ndizi ina mizizi na matunda mazima, ni chakula kizuri. Kinachoiharibu ni tui zito, sukari juu yake, kisha tambi za sukari, kaimati na juisi katika mkao mmoja. Fungua kwa tende tatu na maji, kula uji mwepesi usio na sukari nyingi, na katika futari chagua kimoja cha nazi na kimoja cha sukari, visiwe vitano.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa na iliyomo kwenye mkate, ng'onda na vidonge vya supu. Vidonge hivyo karibu nusu yake au zaidi ni chumvi. Ukitia kimoja, chumvi ya mkono iache. Wengine hudhani watu wa pwani hawawezi kukosa madini joto kwa kuwa chumvi yao inatoka baharini. Si kweli: chumvi ya bahari isiyotiwa madini joto huwa nayo kidogo sana. Nunua iliyotiwa, ifunge vizuri, na itie chakula kikikaribia kuiva, kwa maana joto na unyevu vinayapunguza.

Sinia la watu sita

Sinia ni zuri kwa udugu na baya kwa kupima. Hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kwa hiyo pima kabla ya moto: mchele mkavu gramu 500 kwa watu wazima sita, unaotoa kama gramu 230 za wali kwa mtu, kalori 300 hivi. Samaki gramu 900 na mifupa yake. Choroko kavu gramu 250. Mchicha kilo moja kabla ya kuiva. Utaonekana mwingi, ukishanywea hautazidi bakuli mbili. Tungule tano, vitunguu viwili na tango kwa kachumbari, na papai moja baadaye. Tui liko kwenye mchicha, kwingine halipo. Matunda na mboga hapo vinamfikisha mtu zaidi ya nusu ya gramu 400 zinazoshauriwa kwa siku.

Wali usimwagwe sinia zima. Ufanye mduara wa katikati, mboga na choroko zizunguke, kila mtu mbele yake. Mwenye sukari amalize mboga na samaki kwanza, wali awe nao mwisho, kiasi cha ngumi yake. Kula kwa mpango huo hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Asiruke chakula kwa kuogopa, hasa kama anatumia dawa au sindano, na mabadiliko makubwa ya chakula ayapeleke kwa daktari wake ili dozi iangaliwe.

Ukibaki wali, usiuache chunguni mpaka usiku. Vijidudu vya Bacillus cereus huishi kwenye mchele hata baada ya kuchemka, na wali ukikaa kwenye joto letu hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali wa nazi huchacha mapema zaidi. Utandaze kwenye sinia ili upoe haraka, utie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu uive, uule kesho yake ukiwa umepashwa mpaka unafuka mvuke wote, na usiupashe mara ya pili. Nyumba isiyo na friji ipike kwa kipimo, na wa ziada apewe jirani ungali wa moto.